Barua ya wazi kwa mlioshika funguo za jela: msiwafunge watu kwa posti

Shikamooni waheshimiwa.

Barua hii naileta kwenu nyote mnaotawala nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, marais, mawaziri, wabunge, wakurugenzi wa mashtaka, wakuu wa polisi, nawaweka pamoja makusudi kabisa kwasababu ugonjwa ni mmoja, kinachotofautiana ni majina ya sheria na sarafu ya faini. Sijatumwa na chama wala sina cheo chochote, mimi ni raia tu mwenye simu kama hao ninaowaombea, na ninachoomba nakisema hapahapa mwanzoni ili hata msipofika mwisho muwe mmekisikia: acheni kuwafunga watu kwa maneno waliyoandika kuhusu nyinyi.

Nianze na neno moja, bwege. Mwaka 2016 kule Arusha kuna mtu aliandika Facebook, alikuwa anakataa Rais Magufuli kufananishwa na Mwalimu Nyerere, na katika kukataa kwake akamuita rais bwege. Basi. Hakuiba, hakumpiga mtu, hakuitisha mkusanyiko. Akapelekwa mahakamani kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na hukumu ikatoka faini ya shilingi milioni 7 au jela miaka 3. Sasa mimi nimekaa na hilo neno muda mrefu najiuliza, hivi linapimwaje? Ile sheria inaongelea taarifa za uongo, za kupotosha, hata zisizo sahihi nazo zimo. Bwege sio taarifa jamani. Hakuna mpelelezi anayeweza kwenda kuchunguza arudi na ripoti kwamba fulani ni bwege au sio bwege. Ni hasira ya mtu, ni maoni, unaweza kusema ni utovu wa adabu na mimi nitakubaliana na wewe, lakini utovu wa adabu kwa mkubwa tangu lini ukawa miaka mitatu ya maisha ya mtu.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba ilikuwa Arusha. Arusha ndo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 5 Desemba 2014, yaani mwaka mmoja na nusu tu nyuma yake, mahakama hiyo ilitoa hukumu kwenye kesi ya mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso, aliyekuwa amefungwa miezi 12 kwa makala alizoandika kuhusu mwendesha mashtaka wa nchini kwake. Majaji wakasema kumfunga mtu jela kwa kashfa, yaani kumchafulia mtu jina, ni kukiuka kifungu cha 9 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na kwamba jela ibaki kwa mambo mazito kweli, kama kuchochea watu wauane au wabaguane. Najua mtasema ile ilikuwa kesi ya Burkina Faso, ni kweli, lakini mkataba uliotafsiriwa pale ni huohuo ambao Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote zimeuridhia. Kwahiyo mji mmoja, majaji wanasema usifunge kwa maneno, halafu hakimu wa mji huohuo anasema milioni 7 au miaka 3. Nyinyi mliona hilo. Hamkurekebisha. Mlichofanya, Rwanda mwaka 2016 na Tanzania Novemba 2019 mkajitoa kwenye lile tamko linaloruhusu raia wenu kwenda pale moja kwa moja kuwashtaki. Mlango tulioutumia kulalamika mkaufunga, na sababu zenu mlizitoa, lakini sisi tuliobaki nje tuliielewa kivyetu.

Ngoja niseme kuhusu hizi sheria zenyewe maana hapa ndo naona kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Mahakama zenu wenyewe, sio za kigeni, zenu, zimekuwa zikiwaambia mara kwa mara kwamba hivi vifungu vibovu. Kenya, Aprili 2016, Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kile cha kutumia simu au mtandao vibaya, ikasema kimeandikwa kwa maneno mapana mno mtu hawezi kujua kosa linaanzia wapi. Februari 2017 ikafuta na kashfa kwenye kanuni ya adhabu. Tukashangilia. Mwaka 2018 mkaja na sheria mpya ya makosa ya kompyuta na mitandao, na humo ndani mkaandika kwamba uchapishaji wa habari za uongo unaweza kumpeleka mtu jela mpaka miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5 za Kenya. Oktoba 2025 mkaiongezea tena, siku chache baadaye mahakama ikasimamisha sehemu yake. Ni kama mtu anafyeka magugu mchana halafu usiku kuna mwingine anayapanda.

Uganda hivyohivyo. Kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011, kile cha mawasiliano ya kuudhi, ndicho alichoshtakiwa nacho mwandishi Kakwenza Rukirabashaija, alikamatwa mwishoni mwa Desemba 2021 kwasababu ya alichoandika Twitter kuhusu Rais Museveni na mtoto wake. Alipotoka aliuonyesha ulimwengu mgongo wake ulivyochanwachanwa na makovu, kisha akakimbia nchi, akaishia Ujerumani. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikasema kifungu cha 25 ni batili. Sawa, lakini yule mgongo wake nani anaubatilisha? Na kabla hata hukumu hiyo haijatoka, Oktoba 2022, rais alikuwa ameshasaini marekebisho mapya ya sheria hiyohiyo yenye matamshi ya chuki na taarifa zenye nia mbaya, na ndo hayo yakamkuta kijana wa miaka 24 Julai 2024, aliweka vidio TikTok akimtukana rais na familia yake. Alikubali kosa. Akaomba msamaha. Akapewa miaka 6.

Miaka 6 waheshimiwa. Mtoto aliyezaliwa siku ile anaingia darasa la kwanza huyo hajatoka.

Lakini hata ukiacha hukumu, mimi nadhani nyinyi mnajua kabisa kwamba hukumu sio lazima. Adhabu inaanza siku ya kukamatwa. Kenya watu wameshaizoea ile kamatakamata ya Ijumaa, mtu anachukuliwa Ijumaa ili mahakama zikifunga alale ndani mpaka Jumatatu, na ikitokea Jumatatu ni sikukuu basi Jumanne. Ilimkuta dada mmoja mtengeneza programu mwisho wa Mei 2025, yeye kosa lake alitengeneza ukurasa wa mtandaoni wa kuwasaidia wananchi kutuma maoni yao bungeni kupinga Muswada wa Fedha, maoni ambayo bunge lenyewe liliyaomba! Alilala ndani wikendi yote na siku ya mapumziko ya Madaraka juu yake. Wiki tatu baadaye hakimu akasema mashtaka hayaonyeshi kosa lolote, nenda nyumbani. Zile siku hazirudi. Simu na kompyuta mkishachukua ndo riziki ya mtu imeondoka hivyo, na kuna watu mpaka leo wanafuata simu zao kituoni wanaambiwa njoo wiki ijayo.

Au Stella Nyanzi, yule msomi na mwanaharakati wa Uganda. Aliandika shairi Facebook mwaka 2018 la siku ya kuzaliwa ya Rais Museveni, shairi kali, lugha chafu kweli, mimi mwenyewe nisingemsomea mama yangu. Akakamatwa Novemba. Agosti 2019 akahukumiwa miezi 18. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu, lakini kufikia hapo alikuwa ameshakaa ndani zaidi ya mwaka. Sasa ushindi wa namna hiyo unaulaje? Mnashindwa kesi lakini mnakuwa mmeshapata mlichokitaka, na mtu wa pembeni aliyekuwa anaangalia ameshajifunza kunyamaza.

Na wapo wasiofika hata mahakamani. Sitaki kulipita la mwalimu Albert Ojwang haraka. Juni 2025, miaka 31, mwalimu na mwanablogu, alifuatwa kwao Homa Bay kwasababu ya posti iliyomtaja naibu mkuu wa polisi, naibu huyo ndo alikuwa amelalamika. Wakambeba zaidi ya kilomita 300 mpaka Nairobi, utadhani Homa Bay hakuna vituo vya polisi wala mahakama. Baba yake akafunga safari kumfuata, kabeba hati ya shamba ili iwe dhamana ya mwanae. Yaani mzee yule aliamini kuna utaratibu, kwamba mtoto kakosea kuandika basi ataweka shamba, atapewa mtoto wake, watarudi nyumbani wote. Alikuta maiti. Polisi wakasema kajigonga kichwa ukutani, uchunguzi wa madaktari ukakuta majeraha ambayo mtu hawezi kujifanyia mwenyewe, na baadae maafisa wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji. Hiyo kesi mahakama itaimaliza, mimi sio hakimu. Ninachowauliza ni mwanzo wake. Kama afisa mkubwa ameona kachafuliwa jina, si kuna kesi ya madai? Si angeenda na wakili wake kama mtu mwingine yeyote aliyesingiziwa, adai fidia, aombwe radhi? Kwanini dola nzima ibebe silaha na magari kwenda kumchukua mwalimu mmoja? Mwanzo ule ndo uliozaa mwisho ule, kama posti isingekuwa jambo la polisi, Ojwang asingelala kituoni usiku ule.

Kuna hili nalo la sehemu ambazo watu wanadhani ni za faragha. Burundi, mwandishi Sandra Muhoza alikamatwa Aprili 2024 kwa ujumbe alioandika kwenye grupu la WhatsApp la wanahabari wenzake. Grupu! Desemba akapewa miezi 21, na moja ya makosa ni kuhatarisha umoja wa ardhi ya taifa. Mimi nimesoma hilo shtaka nikajiuliza ni taifa gani linalopasuka kwa meseji ya grupu. Kabla yake Floriane Irangabiye alipewa miaka 10 Januari 2023, yeye ni mambo aliyoyasema kwenye redio ya mtandaoni, akakaa ndani mpaka msamaha wa rais Agosti 2024. Rwanda, Yvonne Idamange, mama, alikuwa anaongea YouTube, mwaka 2021 akapewa miaka 15. Na Tanzania Tundu Lissu alipokamatwa Aprili 2025, mbali na uhaini ambao hauna dhamana aliongezewa na mashtaka ya kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni. Kwahiyo kuanzia mtu wa Facebook asiyejulikana mpaka aliyegombea urais, chombo ni kilekile.

Najua mtakachonijibu, na nakiheshimu. Mtasema Rwanda 1994, redio ilitumika kuua watu, maneno sio mchezo. Kweli kabisa, na yeyote wa ukanda huu anayesema maneno hayaui hajui historia yake. Lakini angalieni vizuri kilichotokea pale. Ile redio ilikuwa inaelekeza watu wakaue majirani zao, inataja majina na mahali walipojificha, na ilikuwa karibu na waliokuwa na madaraka. Aliyekuwa anasikilizwa ndo alikuwa na nguvu. Huwezi kulichukua hilo ukalifananisha na mtu mmoja kwenye bando la siku anayemwambia rais umeshindwa kazi. Mchocheaji wa mauaji mkamateni, na tapeli, na anayesambaza picha za utupu za mpenzi wake wa zamani, huyo hata mimi nitatoa ushahidi. Tena hao ndo tunawalilia kila siku, watu wanaibiwa pesa kwa meseji za tuma kwenye namba hii, wakienda kuripoti wanazungushwa wee mpaka wanachoka, lakini aliyemtukana mheshimiwa anapatikana ndani ya masaa, na mahali alipo panajulikana na gari lina mafuta.

Na la uongo pia nalielewa. Watu wanazusha, kuna mpaka viongozi wamezushiwa kifo. Ila nyinyi mna wasemaji wa serikali, mna televisheni za taifa, mna magazeti, mkiitisha waandishi wanakuja wote na kamera. Mtu akisema barabara fulani imeliwa hela na haijaliwa, wekeni mkataba hadharani na risiti, mambo yaishe. Ukimfunga badala ya kumjibu sisi huku nje hatusemi kumbe alidanganya, tunasema kumbe ni kweli.

Mchoraji mmoja kijana wa Mbeya, Julai 2024, alihukumiwa faini ya milioni 5 au jela miaka 2 baada ya vidio yake ya TikTok akichoma picha ya rais aliyoichora yeye mwenyewe. Mliona kilichofuata? Watu wasiomjua, wasiowahi kumuona, wakaanza kuchangishana kwenye simu, elfu mbili, elfu tano, elfu kumi, mpaka milioni 5 ikatimia akatolewa. Wengi wa waliochanga wala hawakuipenda ile vidio. Mimi nawaomba mkae muitafakari ile michango kuliko mlivyoitafakari vidio, kwasababu ule ulikuwa ni ujumbe kwenu na ulitumwa na watu waliokuwa wanaogopa kuandika hata komenti, wakaona bora watume hela kimyakimya.

Maana hofu imeingia mpaka majumbani. Kwenye grupu letu la familia, grupu la harusi na misiba na picha za watoto, mtu akituma kitu cha siasa mama mdogo anakuja mbio, futa hicho, admin atashikwa. Admin ni shangazi yangu, ana miaka 60 na kitu. Tunamlinda shangazi dhidi ya serikali yake mwenyewe. Tunaongea kwa mafumbo, "yule bwana", "wale wenye nchi", utafikiri tuko ugenini.

Na nina binamu yangu. Mwaka jana mkewe alikuwa mjamzito, wakaenda zahanati wakaambiwa waje na glavu zao, na pamba, na wembe, na uzi wa kufungia kitovu, kwasababu pale hamna kitu. Binamu akapiga picha lile kabati, tupu kabisa, ukiangalia unaona mpaka vumbi la pale boksi zilipokuwaga, akaiposti akaandika maneno mawili matatu, hakutukana mtu, aliuliza tu dawa zetu ziko wapi. Hayakupita masaa mawili simu ikaita, mtu akajitambulisha kuwa anatoka ofisi fulani, akamwambia futa hiyo kitu kabla hatujakufuata. Akafuta. Mke wake alikuwa na wiki tatu tu ajifungue, angefanyaje. Zahanati sitaitaja na ofisi sitaitaja, binamu kaniomba hivyo.

Sasa hapo nani kapata hasara? Yule aliyepiga simu aliona kaisaidia serikali. Lakini mganga mkuu wa wilaya angeiona ile picha pengine angeuliza, waziri angeiona pengine angetuma mtu, mbunge angepata la kusema bungeni. Mnatumia hela nyingi kwa tume na ziara za kushtukiza ili mjue huku chini kukoje, na mtu kawaletea bure, kwa bando lake, mkamnyamazisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa ni mgonjwa mwenyewe anataka kuonyesha kidonda, daktari ndo anamwambia funika.

Kwahiyo naomba hivi. Wabunge, vifungu vya uongo na kuudhi na kukashifu viondoeni kwenye sheria za jinai, msivibadilishe majina, viondoeni, mwenye kuchafuliwa aende mahakama ya madai. Hukumu ya Konaté mnayo, ya Mahakama ya Afrika Mashariki ya Machi 2019 iliyokosoa sheria ya habari ya Tanzania mnayo, hamhitaji kuunda tume. Wakurugenzi wa mashtaka, nyinyi hamhitaji hata kusubiri bunge, kalamu mnayo, faili la mtu aliyekamatwa kwa posti likifika mezani mna uwezo wa kuandika sina nia ya kuendelea na shtaka hili, na yaliyoko mahakamani mnaweza kuyaondoa au kuomba yaondolewe kesho asubuhi. Polisi, mtu wa kumhoji kwa alichoandika mpigieni simu aje na wakili wake siku ya Jumatatu, kwenye kituo cha kwao, na simu yake irudishwe. Wakubwa mliotajwa kwenye hizo posti, msiwe nyinyi mnaolalamika na nyinyi mnaotuma watu wa kukamata. Na marais, wale walioko ndani sasa hivi kwa maneno tu mna majina yao, msingoje sikukuu ya uhuru kuwasamehe kana kwamba walikosa, waachieni.

Mtoto wa binamu yangu alizaliwa salama, mkewe alienda na glavu zake. Ile picha ya kabati hakuifuta kwenye simu, aliifuta Facebook tu. Nilimuuliza juzi kama ataiweka tena, akaniambia hicho kifungu bado kipo?

Nikamwambia bado kipo.